Deni la miaka mingi: mahkama bado inaweza kulisikiliza?

*Assalamu alaykum. Nilikuwa nikichukua nguo Kariakoo na kuziuza Chake Chake. Februari 2014 nilikopa shilingi 6,000,000 kwa taasisi moja ya fedha Dar es Salaam, nilipe 300,000 kila mwezi kwa miezi 24. Nililipa marejesho tisa, biashara ikaanguka. Tarehe 15 Aprili 2015 waliniandikia barua kudai deni lote kwa pamoja. Baada ya hapo kimya. Sasa yuko mtu ananipigia simu, anasema amekabidhiwa deni langu na kwamba limefika milioni 11. Anataka nitume walau 50,000 kuonesha nia njema, kisha nisaini makubaliano mapya. Deni hili halijapitwa na muda?*
*Msomaji, Chake Chake*

Waalaykumu ssalaam. Hiyo elfu hamsini usiitume, na karatasi usiisaini, mpaka umalize kusoma jibu hili. Kwa tarehe ulizotupa deni lako lina kila dalili ya kuwa limepitwa na muda, na mambo hayo mawili unayoombwa ndiyo yanayoweza kukuharibia.

Watu wengi huhesabu umri wa deni tangu siku waliyopokea fedha. Sheria haihesabu hivyo. Inahesabu tangu siku mkopeshaji alipopata haki ya kwenda mahkamani, yaani siku uliyotakiwa kulipa usilipe. Kwa mkopo wa marejesho, kila rejesho lina siku yake. Rejesho lako la kwanza lilikuwa Machi 2014, la tisa Novemba 2014, na la mwisho lilitakiwa Februari 2016. Lakini mikataba mingi ya mikopo ina kipengele kinachomruhusu mkopeshaji kudai deni lote kwa mkupuo pale mkopaji anapokosa kulipa. Barua ya 15 Aprili 2015 yaonekana ilitumia kipengele hicho. Ikiwa ndivyo, saa ya deni zima ilianza kuhesabu siku hiyo.

Sasa swali ni sheria ipi, maana hapa Muungano una sheria mbili. Ukomo wa muda kwa kesi za Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa 1971. Madai yanayotokana na mkataba yamepewa miaka sita. Siku ya kuanzia haihesabiwi, kwa hiyo barua ya 15 Aprili 2015 inatoa nafasi ya kufungua kesi hadi 15 Aprili 2021. Hata tukiacha barua hiyo na kuhesabu rejesho moja moja, la mwisho kabisa lilifikia ukomo Februari 2022. Zanzibar ina sheria yake, Sura ya 12 ya Sheria za Zanzibar, na mdai akifungua kesi Unguja au Pemba atapimwa kwa hiyo. Sheria hiyo ilifuata mtindo wa sheria ya India ya 1908, iliyokuwa na jedwali refu lenye kila aina ya dai na muda wake: miaka mitatu kwa fedha za kukopeshana, na sita kwa mkataba ulioandikwa na kusajiliwa. Kwa hiyo hata ukijipimia kwa kipimo kirefu kati ya hivyo, muda wako umepita.

Kwa Bara, kifungu cha 3 cha Sura ya 89 kina nguvu ambayo wengi hawaijui: kesi iliyoletwa nje ya muda itatupwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakuitaja hoja hiyo. Lakini usikae kimya ukitegemea hakimu aione. Hakimu anasoma jalada lililo mbele yake, na jalada lenye upande mmoja tu linasema maneno ya upande huo.

Turudi kwenye ile elfu hamsini. Sheria inasema mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake, hesabu inaanza upya tangu siku hiyo. Chukua mfano wa deni lako hili hili: kama ungelipa 50,000 Agosti 2018, miaka sita ingehesabiwa kutoka Agosti 2018, na ukomo ungesogea hadi Agosti 2024. Shilingi 50,000 zingemnunulia mdai zaidi ya miaka mitatu. Hata kama hesabu imekwisha, karatasi mpya ina hatari yake peke yake: kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345, kinasema ahadi ya maandishi iliyosainiwa ya kulipa deni lililopitwa na muda ni ahadi halali, ingawa mtoaji hakupewa kitu kipya. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, imetoka kwenye mbegu hiyo hiyo ya India. Yale "makubaliano mapya" unayoletewa yanakutoa kwenye deni la 2014 ambalo mlango wake umefungwa na kukutia kwenye deni la leo ambalo mlango wake uko wazi. Anayekupigia simu analijua hilo vizuri.

Ujumbe wa simu nao uuogope. "Nitakulipa mkuu, nivumilie mwezi wa Ramadhani upite" ni maneno ya adabu, lakini yamo ndani ya simu yako na ya mwenzako, yana tarehe na namba yako. Bara ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayoyapa maandishi ya namna hiyo uzito. Usimpe mtu nafasi ya kubishana kwamba umekiri.

Cha kufanya ni kumjibu kwa maandishi mafupi yasiyokiri chochote. Unaweza kuandika hivi: "Nimepokea madai yenu. Sikiri kuwa nadaiwa. Kabla ya mazungumzo yoyote nileteeni nakala ya mkataba, taarifa ya malipo yote yenye tarehe, nakala ya barua ya kudai deni lote, na hati inayoonesha kuwa mmekabidhiwa deni hili kihalali. Kwa tarehe ninazozijua, dai hili limepitwa na muda." Weka nakala, weka na ushahidi wa kutuma. Hati ya kukabidhiwa deni ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Wapo wanaodai madeni wasiyopewa na mwenye nayo, na fedha uliyomlipa mtu asiye na haki haikupunguzii chochote kwa mkopeshaji wa kweli.

Taarifa ya malipo ichunguze mstari kwa mstari. Marejesho 24 ya 300,000 ni 7,200,000, ulilipa 2,700,000, ilibaki 4,500,000. Waoneshe 11,000,000 imetoka wapi. Na angalia kwa makini kama kuna malipo madogo madogo usiyoyatambua ya 2018, 2019 au 2020. Malipo ya namna hiyo yakikutwa pale, kazi yake ni moja tu, kuisogeza saa mbele, na ni lazima uyakatae kwa maandishi mara moja.

Wakikushtaki, pokea samansi. Kukimbia samansi ndiyo kosa linalowaangusha wenye haki, kwa sababu kesi itasikilizwa upande mmoja na hukumu itatoka. Soma siku zilizoandikwa za kuleta utetezi na uzitimize. Kwenye utetezi wako weka pingamizi la awali kwamba kesi imeletwa nje ya muda. Tahadhari moja hapa: tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, mahkama za Afrika Mashariki zinashikilia kuwa pingamizi la awali liwe hoja safi ya sheria isiyohitaji ushahidi. Kama tarehe zinaonekana kwenye hati ya madai yenyewe, pingamizi linasimama. Kama mdai anasema ulilipa 2019 na wewe unasema hukulipa, hilo ni jambo la ushahidi, na hakimu anaweza kuamua lisubiri usikilizwaji. Usivunjike moyo pingamizi likikataliwa kwa sababu hiyo. Hoja haijafa, imeahirishwa tu.

Mawili ya mwisho kuhusu barua yako. Wadai wa Bara wana mlango mmoja wa dharura: kifungu cha 44 cha Sura ya 89 kinampa Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, uwezo wa kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kawaida, yaani miaka mitatu kwa mkataba. Kwako hata hiyo imepita. Na kama kuna nyumba, shamba au kitu ulichoweka rehani, yote tuliyoyaeleza yasome kwa uangalifu, maana mwenye rehani mara nyingi anaweza kuuza bila kupitia kesi. Hukutaja rehani, tunachukulia haikuwepo.

*Mimi ndiye ninayedai. Mwaka 2021 nilimpa jirani yangu shilingi 2,500,000 anunue mashine ya boti. Hatukuandikiana, tuliaminiana, mashahidi wapo wawili. Kila nikimuuliza ananiambia kesho. Nilikwenda kwa sheha mara mbili, jirani akaahidi mbele yake, hakutimiza. Nimechelewa?*
*Msomaji, Wete*

Kaka yetu, huenda umekwisha kuchelewa, na huna muda wa kungoja barua nyingine kutoka kwetu. Sura ya 12 inapima kila dai kwa mstari wake katika jedwali, na ushauri wetu kwa kila anayedai Zanzibar ni kujiwekea miaka mitatu kuwa ndio mpaka wake, asiuvuke hata kama anaambiwa dai lake lina muda mrefu zaidi.

Ubaya wa mkopo usio na tarehe ya kulipa ni kwamba hujui saa ilianza lini. Wengi hudhani saa inaanza siku ya kudai. Sheria ya India ya 1908 ilikuwa na msimamo mwingine: fedha iliyokopeshwa ili ilipwe "nikitaka" ilihesabiwa tangu siku ilipotolewa. Maana yake ni kwamba upole wa mkopeshaji ulikuwa ukila muda wake mwenyewe. Kila "kesho" ya jirani yako ni siku iliyotoka mfukoni mwako.

Na kwenda kwa sheha? Kuna faida, lakini si ile unayoifikiria. Usuluhishi kwa sheha hausimamishi saa. Sheha si mahkama. Kinachoisogeza saa ni maandishi. Kama katika siku zile mbili sheha aliandika maelewano na jirani akatia saini au dole gumba, una hazina mkononi: tarehe ya karatasi hiyo inaweza kuwa ndio tarehe mpya ya kuanzia, mradi ilisainiwa kabla muda wa awali haujamalizika. Kama walizungumza tu, una shahidi mzuri wa kwamba deni lipo, lakini huna kukiri kwa maandishi. Nenda kwa sheha wiki hii uulize kama daftari lake lina chochote, na omba nakala yenye mhuri.

Ikiwa hakuna, mwite jirani kwa wema na umwombe asaini karatasi yenye mambo haya: majina kamili ya nyote wawili na namba za vitambulisho, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, fedha zilitolewa lini na kwa kazi gani, kiasi kilichokwisha kulipwa, kiasi kilichobaki, tarehe kamili ya kulipa, na ahadi iliyo wazi kwamba atalipa. Hiyo ahadi usiiache. Kukiri tu kunasaidia kabla muda haujapita. Ahadi iliyoandikwa na kusainiwa inaweza kusimama hata baada ya muda kupita, kwa kanuni ile ile ya Sheria ya Mikataba tuliyomweleza msomaji wa Chake Chake. Angalia jinsi karatasi moja inavyogeuka: kule tulimwambia mdaiwa asisaini, hapa tunakwambia wewe mdai uitafute. Hatuna upande, kila mmoja anatakiwa ajue kalamu inafanya nini kabla ya kuishika.

Akikupa chochote, hata 20,000, andika risiti na *yeye* asaini, si wewe peke yako. Risiti iliyosainiwa na mpokeaji tu inaonesha umepokea fedha. Iliyosainiwa na mlipaji inaonesha alijua analipa deni gani. Andika juu yake "sehemu ya deni la 2,500,000 la mwaka 2021". Malipo ya simu yaende na maelezo hayo hayo katika ujumbe. Ulizia pia ushuru wa stempu kwenye hati ya makubaliano, kwani hati isiyolipiwa inaweza kuzuiwa kuingia kwenye ushahidi hadi ilipiwe.

Akikataa kusaini, mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, kisha fungua kesi bila kungoja siku ya 15 ipite sana. Hati ya madai lazima iseme chanzo cha madai kilitokea *lini*. Hapo ndipo kesi nyingi za wadai zinapokatika: wanaandika "mwaka 2021" bila siku wala mwezi, au wanaandika tarehe ya zamani na kusahau kutaja karatasi iliyoisogeza. Kama unategemea kukiri au malipo kukuokoa na ukomo, litaje kwenye hati ya madai yenyewe. Usilibakishe ukadhani utalisema siku ya kusikilizwa. Na mashahidi wako wawili waandikwe maelezo yao sasa, wakiwa bado wanakumbuka siku mashine ilipofika bandarini.

Polisi hawamo katika njia hii. Kushindwa kulipa mkopo si jinai.

*Kama mahkama haiwezi tena kunidai, nina haki ya kuacha kulipa mbele ya Mwenyezi Mungu?*
*Msomaji, Mwembetanga*

Masheikh ndio wenye fatwa, sisi tutasema la sheria: ukomo wa muda unafunga mlango wa mahkama, haufuti deni. Deni la kweli linabaki shingoni, na Qur'an katika Al-Baqara, aya ya 280, imempa mdaiwa mwenye dhiki muda hadi apate wasaa, haikumpa ruhusa ya kukana.

Lakini kulipa kwa hiari na kujifungulia kesi upya ni mambo mawili. Anayetaka kuitua roho yake aandikiane *kwanza*, ndipo atoe fedha. Karatasi iseme kiasi kinacholipwa ni malipo ya mwisho ya deni lote, mdai hana dai jengine la asili wala la riba wala la gharama, na kwamba kulipa huku si kukiri kiasi kingine chochote. Mdai asaini mbele ya shahidi, fedha zihesabiwe hapo hapo. Kama dhamiri inakusukuma kulipa fedha uliyoichukua bila ile riba iliyorundikana juu, karatasi ndiyo inayolifanya hilo liwezekane. Ukilipa kwanza ukaandikiana baadaye, ulicholipa kitaitwa sehemu ya deni kubwa zaidi.

*Baba yetu alifariki 2022. Juzi amekuja mtu na karatasi ya 2009 anasema marehemu alimkopa. Anatutaka sisi watoto tukubali na tugawane kulipa.*
*Wasomaji ndugu watatu, Mkoani*

Msikubali kwa mdomo wala kwa maandishi, na msimfukuze. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla ya mirathi kugawiwa: mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. An-Nisaa imelitaja deni mbele ya fungu la kila mrithi. Warithi hawalipi kutoka mifukoni mwao. Mali ya marehemu ikiisha, wajibu wao wa kisheria umekwisha nayo.

Kifo hakiifufui saa iliyokwisha simama. Mtu mwenye karatasi ya 2009 aliyemwacha baba yenu miaka 13 akiwa hai bila kumshtaki ana kazi ya kueleza. Mwombeni karatasi yenyewe ya asili, si picha. Someni kama ina tarehe ya kulipa, kama nyuma yake kuna malipo yaliyoandikwa, na kama saini inafanana na ya marehemu kwenye hati nyingine za wakati ule. Muulizeni alikuwa wapi siku ya maziko, pale aliposimama mtu wa familia akasema mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Swali hilo si ushahidi wa kutosha peke yake, lakini majibu yake huwa yana mengi.

Kisha mpelekeni kwa msimamizi wa mirathi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama mirathi iko huko. Msimamizi ndiye anayejibu dai, si kila mtoto kwa zamu yake. Mmoja wenu akisaini kwa haya au kwa huruma, anaweza kuwaingiza wenzake katika mabishano ambayo sheria ilikuwa imekwisha kuyafunga. Na mkiona kwa yakini kwamba baba alikopa kweli, mnaweza kukubaliana nyote kumlipa kutoka kwenye mali kabla ya kugawana, kwa karatasi ya malipo ya mwisho kama tulivyoeleza juu. Na kama kuna mrithi aliye mtoto mdogo, kaka zake hawawezi kulisamehe fungu lake kwa niaba yake. Hapo idhini ya kadhi inahitajika.

*Dada yangu aliishi London, amerudi Unguja 2019. Kuna deni la kadi ya benki la huko aliloacha kulipa 2016. Sasa anapata barua pepe za wakala wa madeni. Sheria ya huku inamlinda?*
*Msomaji, Fuoni*

Wakimshtaki huko, ya huku haihusiki, inahusika ya huko. England na Wales zina Sheria ya Ukomo ya 1980: miaka sita kwa mkataba wa kawaida, 12 kwa hati rasmi inayoitwa *deed*. Kadi ya benki ni mkataba wa kawaida. Mwaka 2019 Mahkama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba kwa mikopo ya wateja inayohitaji notisi ya kukosa kulipa, saa huanza pale muda wa notisi hiyo unapomalizika, si siku ya rejesho lililokosekana. Kwa hiyo asihesabu kutoka malipo ya mwisho ya 2016. Aitafute notisi na tarehe yake. Kama ilitoka 2017, miaka sita iliisha 2023.

Tofauti na Bara ni tatu. Huko mahkama haitaitaja hoja ya ukomo kwa niaba yako, lazima uiseme mwenyewe. Kukiri au kulipa kidogo baada ya miaka sita kukamilika hakulifufui deni. Kabla ya hapo kunaanzisha upya. Na akishamwandikia wakala kwamba hatolipa kwa sababu deni limepitwa na muda, kanuni za msimamizi wa huduma za fedha wa Uingereza zinamtaka wakala aache kumdai. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha. Angekuwa ameishi Scotland, muda ungekuwa miaka mitano, na huko deni lenyewe linakufa, si mlango tu unaofungwa.

Wasiwasi wetu uko kwingine. Alipoondoka 2019 barua ziliendelea kwenda anwani ya zamani. Kesi ya huko hujibiwa ndani ya siku 14, na asipojibu mtu, hukumu hutoka kimya kimya. Kama wakala alimshtaki 2020 au 2021 kwenye anwani ile, dada yako anaweza kuwa na hukumu asiyoijua, na hoja ya miaka sita haina kazi tena mbele ya hukumu. Aangalie daftari la hukumu la huko, linalofikiwa kwa intaneti kwa ada ndogo, kwa kila anwani aliyoishi. Akikuta hukumu, aombe iondolewe kwa sababu hakupata samansi, na aombe upesi. Anayejua na kukaa miezi huonekana ameridhika.

*Mahkama ya Bara ilitoa hukumu dhidi yangu 2014, nilipe milioni 9. Sijalipa, hawakunifuata. Miaka sita imepita, nimeokoka?*
*Msomaji, Kiembesamaki*

Hapana. Miaka sita ni ya kufungua kesi. Kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, Bara kumepewa miaka 12 tangu tarehe ya hukumu, na ndani ya muda huo mwenye tuzo, yaani aliyeshinda kesi na kupewa amri ya kulipwa, anaweza kuomba mali ikamatwe kupitia dalali wa mahkama. Nenda masjala na namba ya kesi, uombe kuliona jalada. Andika tarehe kamili ya hukumu na ya tuzo, na uangalie kama kuna ombi la utekelezaji lililokwisha kuwekwa, maana wengine huweka ombi mwaka wa mwisho na kuliacha likisubiri. Ukiwa bado ndani ya muda na huna uwezo wa kulipa kwa mkupuo, iombe mahkama iliyotoa hukumu ikuruhusu kulipa kwa awamu, na uambatanishe kielelezo cha kipato chako halisi: hati ya mshahara, au daftari la mauzo la miezi sita iliyopita. Ombi lenye namba zinazoeleweka husikilizwa. La "sina kitu" bila karatasi hukataliwa, na dalali akishafika mlangoni nafasi ya kuomba inakuwa finyu.